KONG, mpira wa kujazwa chakula: unamfaa mbwa anayebaki peke yake lupangoni?

Wafugaji wa mbwa hapa Lubumbashi wanaulizana sana kuhusu KONG, kile kichezeo cha mpira chenye umbo la mabonge matatu yaliyopandana, kubwa chini na dogo juu, ambacho hujazwa chakula ili mbwa ashughulike nacho watu wakiwa wametoka. Sifa inayokitangulia ni kwamba kinamtuliza mbwa anayelia na kuharibu vitu akiachwa peke yake. Tathmini hii imetokana na kukitumia nyumbani kwetu, mtaa wa Bel-Air, kwa mbwa wawili wenye tabia zisizofanana hata kidogo, na vichezeo vyote tulivinunua kwa pesa zetu wenyewe. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: ni kifaa kizuri na nitanunua kingine hiki kitakapochakaa, lakini anayetarajia kimponye mbwa mwenye hofu ya kuachwa atavunjika moyo, na mbwa wake ataendelea kuteseka huku mwenyewe akidhani ameshamtibu.

Suala hili si dogo katika mji wetu. Nyumba nyingi hubaki tupu asubuhi: wazazi wanakwenda kazini, baadhi yao kwenye makampuni ya madini ambako basi la wafanyakazi huja kuwachukua kabla jua halijachomoza, watoto wanakwenda shule, na zamu aliyekesha usiku amerudi kwake kulala. Mbwa anabaki na ukuta, geti na sauti za barabarani. Akilia mchana kutwa, majirani hukasirika. Akifukua chini ya geti au akiutafuna mlango, mwenye nyumba huona ukaidi. Kinachofuata mara nyingi ni mnyororo au fimbo, na mwishowe mbwa hupewa mtu mwingine ambako mambo huanza upya. Nimeona mbwa wenye akili na upendo wakipotea kwa njia hiyo, na ndiyo sababu naandika kwa urefu kuhusu kitu ambacho kwa macho ya wengi ni mpira tu.

KONG ilianzia Marekani, katika jimbo la Colorado. Joe Markham alikuwa na mbwa aina ya German Shepherd aitwaye Fritz, aliyekuwa akiyaharibu meno yake kwa kutafuna mawe, na wakati Markham akitengeneza gari la Volkswagen aliona kwamba mbwa huyo alivutiwa zaidi na kipande cha mpira kilichotoka kwenye mfumo wa springi. Umbo la kichezeo lilitokana na kipande hicho, na kampuni ilianza mwaka 1976. Asili hiyo inaonekana hadi leo mkononi mwa mnunuzi: mpira wenyewe ni mzito na mgumu kiasi cha kustahimili meno, lakini ukiubonyeza unarudi, na ukiangushwa unaruka upande usioutarajia, jambo ambalo mbwa wengi hulipenda hata kabla hakijawekwa chakula chochote.

Rangi zake zina maana, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea kwa kuchagua ile inayowapendeza. Nyekundu ni ya mbwa aliyekomaa wa kawaida. Nyeusi ni ngumu zaidi na imekusudiwa wale wenye taya zenye nguvu. Ya waridi au samawati hafifu ni laini, kwa watoto wa mbwa. Na zambarau ni ya wazee ambao meno yao yamechoka. Ukubwa nao hufuata uzito. Ile yenye alama L ni ya mbwa wa kilo 13 hadi 30, na mbwa wetu wengi wa mchanganyiko wanaangukia humo. Yenye alama XL ni ya kilo 27 hadi 41. Mbwa akiwa katikati ya vipimo viwili, chukua kikubwa, kwa sababu kichezeo kidogo kinaweza kumezwa au kukwama kooni, na hilo likitokea wakati hakuna mtu nyumbani hakuna wa kumsaidia.

Kabla ya yote, geuza kichezeo uangalie matundu. KONG ya asili ina tundu pana chini na tundu jembamba juu. Lile jembamba huonekana kama pambo, kumbe linapitisha hewa: kichezeo chenye tundu moja tu, mbwa akikilamba kwa nguvu, kinaweza kuunda mvuto unaoshika ulimi, ulimi ukavimba na usitoke. Miigo inayouzwa kwa bei ya chini, isiyo na jina la mtengenezaji, mara nyingine huwa na tundu moja, na kwa sababu hiyo peke yake siwezi kumshauri mtu amwachie mbwa wake kitu cha namna hiyo na kuondoka. Kuna mwigo mmoja tulioujaribu sisi wenyewe tukiwa nyumbani. Ulitoa harufu kali ya mafuta ya taa na ukaanza kumeguka ukingoni siku ileile. Tuliutupa.

Sasa nieleze jinsi kinavyofanya kazi kwa mbwa anayekifaa. Rex ni dume wa mchanganyiko, wa umri wa kati, mwenye njaa isiyojua kuisha. Tukimwacha alikuwa akiyafukua matuta ya lengalenga na kuvuta nguo kwenye kamba, kisha tukirudi anatupokea kwa furaha, bila dalili yoyote ya taabu. Tulipompa KONG iliyojazwa, alijilaza kwenye saruji ya baraza, akaikumbatia kwa miguu ya mbele huku tundu pana likimwelekea, akaanza kulamba taratibu. Ulimi ulipofika mwisho wa uwezo wake, aligeuza kichwa upande na kuuminya mpira kwa magego mpaka chakula kikasogea. Baadaye aligundua mbinu nyingine ambayo hakufundishwa na mtu: anainuka, anauchukua mdomoni, anapanda ngazi ya juu ya baraza na kuuachia uanguke, na bonge likitoka anashuka kulila. Ukikaa chumbani unausikia mpira ukidunda, kimya, halafu ukidunda tena. Akimaliza anakwenda chini ya mwembe na kulala. Matuta ya lengalenga yamepona.

Kulamba na kutafuna humtuliza mbwa, na kutafuta chakula kwa akili humchosha kwa namna ambayo kukimbia peke yake hakuwezi. Mbwa aliyetosheka na asiye na hofu hulala sehemu kubwa ya saa anazoachwa, kwa hiyo kichezeo hakina haja ya kumshughulisha mchana kutwa. Kinatosha kumvusha katika ule muda wa kwanza baada ya geti kufungwa, pale nyumba inaponyamaza ghafla. Kwa kazi hiyo KONG ni bora kuliko kitu chochote kingine tulichowahi kumpa Rex.

Ubora wake, hata hivyo, unategemea kinachowekwa ndani, na maelekezo ya kigeni hayatusaidii sana kwa kuwa yanataja vyakula vya makopo ambavyo hapa ni ghali au havipatikani. Sisi tunatumia bukari. Bukari iliyopoa ni mjazo mzuri ajabu: ikiwa moto inaingia kwenye kila pembe, ikipoa inashikamana yenyewe, na mbwa analazimika kuifanyia kazi. Ninaichanganya na ndakala waliosagwa kwa mkono au maji yaliyochemshiwa nyama bila chumvi, naweka kipande cha nyama karibu na tundu jembamba ili harufu imwite mpaka mwisho, kisha naziba tundu pana kwa siagi ya karanga. Ndakala wakavu huwa na chumvi na mchanga. Waloweke na uwasuuze kwanza. Mbwa asiyekijua kichezeo asianzishiwe mjazo mgumu, kwa sababu akishindwa mapema atakiacha. Mpe kwanza vipande vikavu vinavyodondoka vyenyewe, halafu kaza kidogo kidogo kadiri anavyopata ujuzi. Kiasi unachojaza kipunguzwe kwenye chakula chake cha siku, la sivyo mbwa atanenepa, na unene kwa mbwa ni maradhi ya polepole.

Wengi hushauri kugandisha mjazo usiku kucha ili udumu zaidi asubuhi. Ushauri ni mzuri pale umeme unapokuwepo. Umeme ukikatika usiku, asubuhi unakuta uji ndani ya mpira, na hapo bukari inaonyesha thamani yake tena, maana hushika bila barafu. Majira nayo yana neno: mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Lubumbashi inaufanya mjazo ukae vizuri hata nje, lakini joto la mwezi wa kumi huuchachisha kabla ya saa sita mchana, na katika kipindi hicho mimi hutumia vitu vikavu tu na kukiokota kichezeo mara nirudipo.

Kuna vyakula ambavyo visiingie humo hata kwa bahati mbaya. Kitunguu na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, kwa hiyo sombe iliyobaki mezani na mchuzi wa jana havifai, ingawa ndivyo vinavyokuja mkononi haraka. Unga wa mahindi au karanga zilizoota ukungu zina sumu ya aflatoksini inayoua ini, na mbwa hufa kwa sumu hiyo. Karanga ambazo usingempa mtoto wako usimsagie mbwa. Siagi ya karanga ya kutoka nje isomwe vizuri kwenye kopo, kwa sababu zile zisizo na sukari mara nyingine hutiwa zailitoli (xylitol), kitu kitamu kinachotumika badala ya sukari, ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi ya kutisha hata kwa kiasi kidogo. Chokoleti pia ni sumu kwake. Mafuta mengi ya kukaangia huweza kuvimbisha kongosho. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha.

Nimekaa sana kwenye jiko. Nirudi kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mira ni jike mdogo, mwembamba, tuliyempokea kutoka kwa familia iliyohamia mji mwingine. Ndani ya nyumba alikuwa akinifuata chumba hadi chumba, na nikishika funguo tu alianza kuhema kama aliyekimbia. Jirani yetu, mama mpole sana, alikuja siku moja kuniambia kwenye geti: “Mama, ile imbwa yenu inalia tu tangu munatoka.” Tulifanya kama wanavyofanya wote: tulimjazia KONG kwa vitu anavyovipenda, vilevile ambavyo mbele yetu alivimaliza kwa hamu, tukaondoka. Tuliporudi mpira ulikuwa pale pale tulipouacha, sisimizi wameuzunguka, fremu ya mlango ina mikwaruzo mipya, na manyoya ya kifua chake yamelowa mate. Alitulaki kwa kelele, akaenda kunywa maji kwa pupa, kisha, sisi tukiwa bado tumesimama na mifuko mikononi, akaurukia ule mpira na kuanza kula kama mbwa mwingine yeyote.

Hapo ndipo kichezeo hiki kilipotufundisha kitu. Mbwa mwenye hofu kali hana njaa. Mwili wake umeshughulika na hatari anayoihisi, na nyama iliyo mbele yake haina maana mpaka hatari hiyo iondoke, yaani mpaka mtu wake arudi. Chakula kisichoguswa mchana kutwa na kuliwa mara mlango unapofunguliwa ni mojawapo ya dalili zilizo wazi za hofu ya kuachwa, na haihitaji ujuzi wowote kuiona. Rex na Mira wote wawili walikuwa “waharibifu” kwa ulimi wa watu wa mtaani. Mmoja alikuwa amechoshwa na kukaa bure na alihitaji kazi. Mwingine alikuwa katika dhiki, na kumpa kazi ilikuwa sawa na kumpa mgonjwa wa homa kali kitabu asome.

Kipimo hicho kinasaidia lakini hakijitoshelezi. Wako mbwa wenye hofu ambao hula haraka haraka kwanza, kisha huanza kulia chakula kinapokwisha, na mwenye nyumba akikuta mpira mtupu atadhani kila kitu kilikwenda salama. Kwa hiyo acha simu ya zamani ikirekodi dirishani. Dalili za hofu ya kuachwa kwa kawaida huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza, hivyo hata simu yenye betri dhaifu itatosha. Katika picha zetu Rex alionekana amelala ubavu. Mira alikuwa akitembea kati ya mlango na dirisha bila kutulia, anahema mdomo wazi, anapiga miayo ambayo si ya usingizi, halafu anainua kichwa na kutoa mlio mrefu. Ilikuwa vigumu kwangu kuitazama hadi mwisho, na tangu siku hiyo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyesema tena kwamba Mira ana kiburi.

Kosa jingine linalofanywa na KONG ni kuitoa wakati wa kuondoka tu. Mbwa ni hodari wa kuunganisha mambo: viatu vya kazini, mkoba, funguo, na sasa mpira wenye nyama. Akishajifunza kwamba mpira unakuja pale watu wanapotoweka, ataanza kutetemeka akikuona jikoni ukiujaza, na kitu kilichokusudiwa kumfariji kitakuwa tangazo la msiba. Mpe pia mkiwa mnakula chakula cha jioni, mpe Jumapili mkiwa mmekaa barazani, ili usiwe na maana moja tu.

Kilichomsaidia Mira ni mazoezi ya polepole, na KONG iliingia katikati yake kama chombo cha kupimia. Tulianza kwa kuondoa maana kwenye ishara: nachukua funguo na kwenda kukaa nazo, navaa viatu na kuendelea kupika. Hilo liliporudiwa mpaka akaacha kuinua kichwa, nilianza kutoka mlangoni na kurudi kabla hajapata sababu ya kuogopa, kwanza kwa muda wa pumzi chache, kisha zaidi, halafu siku nyingine kidogo kuliko jana ili asiweze kukisia. Kanuni yenyewe ni kwamba mbwa asifikishwe kwenye hofu wakati wa mafunzo. Kila anapofikishwa, somo la hofu ndilo linalokaa. Alipoanza kukubali kulamba mpira nikiwa nje ya mlango, nilipata kipimo nilichokihitaji. Ulimi ukiendelea, muda ni sawa. Ulimi ukisimama na masikio yakaelekea getini, nimekwenda mbali mno, na zoezi linalofuata linapaswa kuwa jepesi zaidi. Sikuwahi kukuta kifaa kingine kinachotoa jibu la wazi namna hiyo bila maneno.

Ugumu mkubwa wa njia hii ni kwamba wakati wa mafunzo mbwa asiachwe peke yake kupita uwezo wake, na watu wana kazi. Hapa sisi wa Lubumbashi tuna utajiri ambao wenzetu wa miji ya ng’ambo hulipia pesa nyingi: tuna watu. Shangazi anayeishi nasi alipanga safari zake za sokoni wakati watoto wamerudi, dada anayetusaidia kazi za nyumbani alikubali kuja mapema, na siku nyingine Mira alikaa kwa jirani yuleyule aliyelalamika, ambaye baada ya kuelezwa alikuwa msaada wetu mkubwa kuliko wote. Mtu aliyekaa tu na kushona au kuchambua sombe anatosha. Ilikuwa kazi ya miezi, yenye kurudi nyuma hapa na pale, na anayeuza kichezeo kwa ahadi ya kumaliza tatizo kwa juma moja hasemi kweli.

Fimbo haina nafasi humu. Ule uso wa unyenyekevu ambao watu huuita hatia, masikio chini na mkia katikati ya miguu, ni jibu la mbwa kwa hasira anayoiona usoni mwako wakati huo. Haiunganishi hasira hiyo na mlango alioutafuna asubuhi. Ukimpiga ukirudi, unamwongezea hofu ya pili juu ya ile ya kwanza: sasa anaogopa kuondoka kwako na kurudi kwako pia.

Mbwa ambaye hofu yake ni kali mno kiasi kwamba hata zoezi dogo halimwingii anahitaji daktari wa mifugo, na hata aliye na dalili nyepesi afaa apimwe kwanza, kwa kuwa mkojo ndani ya nyumba unaweza kuwa ugonjwa wa kibofu na uharibifu wa ghafla unaweza kuwa maumivu. Mji wetu una Kitivo cha Tiba ya Mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa hiyo taaluma hiyo si ngeni hapa. Dawa zipo: nchini Marekani klomipramini iliidhinishwa kwa ajili ya hofu hii ya mbwa mwaka 1998, na fluoksetini mwaka 2007, zote zikikusudiwa kwenda pamoja na mafunzo. Huchukua majuma kadhaa kuonyesha nguvu zake na hazisimamishwi ghafla. Asitokee mtu akampa mbwa vidonge vya binadamu kwa kukadiria.

Kwa kulinganisha, niseme kwa ufupi kuhusu vitu vingine ambavyo mtu angeweza kununua kwa lengo hilohilo. Adaptil, kutoka kampuni ya Kifaransa ya Ceva, huiga harufu ambayo mbwa jike anayenyonyesha huitoa ili kuwatuliza watoto wake. Kile kifaa chake cha kuchomeka ukutani hudumu takriban siku 30 lakini huhitaji umeme usiokatika, kwa hiyo kwa wengi wetu ukosi wake wa shingoni una mantiki zaidi. Redio hupunguza kelele za barabarani, basi. Kuongeza mbwa wa pili kwa kawaida hakusaidii, maana anachokiogopa mbwa wa namna hii ni kutengana na watu. Rex alikuwa amelala hatua chache kutoka kwa Mira wakati Mira akilia.

KONG ina kasoro zake za kawaida. Kusafisha ndani kunachosha usipokuwa na brashi ya chupa, na ukichelewa, sisimizi wanaingia na harufu inabaki. Iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni mara tu mbwa anapoiacha. Penye mbwa wawili, nunua mbili na uwatenganishe, kwa kuwa hata wanaopendana wanaweza kuumana kwa ajili ya nyama, na hakutakuwa na mtu wa kuwaachanisha. Bei nayo, kwa kuwa kichezeo hupitia mikono mingi kabla ya kutufikia, ni mzigo kwa familia nyingi. Kwa mbwa wa aina ya Rex ambaye mwenye naye hana uwezo huo, kutawanya ndakala kwenye nyasi za lupango kabla ya kuondoka, au kuwaficha ndani ya katoni iliyojaa karatasi, hufanya sehemu nzuri ya kazi hiyo bila gharama. Gunzi la mahindi lisitumike kamwe, ingawa watu huwatupia mbwa kila msimu: haliyeyuki tumboni, na likimezwa huziba utumbo.

Anayeagiza kwa wafanyabiashara wanaoleta bidhaa kutoka Zambia au Afrika Kusini ataje rangi, alama ya ukubwa na uzito wa mbwa wake, kisha akague matundu mawili kabla ya kulipa. Kikianza kupasuka au kumeguka vipande, kitupwe hata kama kingeweza bado kushika chakula. Na mwenye mbwa kama Mira, ambaye mfuko wake unaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, pesa hizo azipeleke kwanza kwa daktari wa mifugo. Mpira unaweza kusubiri mshahara ujao.